Ubingwa wa Nyumba California: Nani Kavunja Rekodi?

Kila mwaka, kabla ya Aprili 1 kupita, halmashauri za California, Marekani, huwasilisha ripoti kwa idara ya nyumba ya jimbo. Maombi mangapi ya ujenzi yamepokewa? Vibali vingapi vimetoka? Nyumba ngapi zimekamilika, na ngapi kati ya hizo mwenye kipato cha chini anazimudu? Utaratibu wa kuzilazimisha halmashauri kupanga makazi una umri wa kutosha: sheria yake ni ya 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha.

Lengo la jimbo kwa awamu hii ya miaka minane ni nyumba milioni 2.5. Weka watu wawili tu kila nyumba, na karibu Dar es Salaam nzima (watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022) imepata pa kulala. Kila mji una fungu lake la lengo hilo. Sasa tuwapange washindani.

1. Mzigo mzito kuliko yote: Los Angeles
Nyumba 456,643 kufikia 2029. Kwa watu wanne kila nyumba, Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ingekaribia kuenea humo. Kati ya hizo, 184,721 ni za wenye kipato cha chini, na hapo ndipo kazi ilipo: nyumba za matajiri hazijawahi kukosa mjenzi.

2. Mruko mrefu: Beverly Hills
Huyu ndiye bingwa wangu. Awamu iliyopita, mji huu wa nyota wa sinema ulipangiwa nyumba 3. Tatu! Abiria wa bajaji moja wangezimaliza. Awamu hii umepangiwa 3,104, yaani zaidi ya mara elfu moja. Sijui mwanariadha aliyewahi kuruka hivyo.

3. Kibali cha kobe: San Francisco
Lengo ni nyumba 82,069. Kila shabiki katika Uwanja wa Mkapa uliojaa watu 60,000 angepata yake, na nyingine 22,069 zikabaki. Lakini mwaka 2023 jimbo lilichunguza kasi ya jiji na kukuta wastani wa siku 523 kuidhinisha mradi, kisha siku 605 nyingine kutoa vibali vya ujenzi. Jumla ni siku 1,128. Simba na Yanga wangemaliza misimu mitatu ya ligi kabla fundi hajachimba msingi.

4. Kibonge cha viwanda, kibete cha wakazi: Vernon
Mji wa viwanda kando ya Los Angeles, wenye wakazi 222 kwa sensa ya 2020: mabasi manne ya mkoani yanawabeba wote. Lengo lake? Nyumba 9.

5. Majirani wakimya kuliko wote: Colma
Katika mji huu wa makaburi, walio hai ni kama 1,500, waliozikwa kama milioni 1.5. Wafu elfu moja kwa kila mkazi mmoja, na bado mji unadaiwa mpango wa nyumba za walio hai.

6. Kisingizio cha karne: Woodside
Mwanzoni mwa 2022, mji huu wa matajiri ulitangaza kwamba eneo lake lote ni makazi ya puma, mnyama pori anayelindwa, hivyo sheria mpya ya kuruhusu nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja haiuhusu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo akawaandikia barua. Ndani ya siku chache halmashauri ikaanza kupokea maombi.