Maniema Moja, Ramani Tatu

Kwa mtawala wa serikali, mji mdogo wa Kama uko katika teritwari ya Pangi, mojawapo ya teritwari 7 za jimbo la Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukiuliza watu wa afya, watakwambia jimbo hilohilo lina kanda za afya 18, na ndani ya Pangi peke yake utakuta ya Pangi, ya Kalima na ya Kampene. Watu wa elimu nao wameligawa katika majimbo mawili tu ya elimu: Maniema 1, yenye makao Kindu, mji mkuu wa jimbo, na Maniema 2 ya Kasongo. Kila mgawanyo una sababu yake, na hakuna uliokosewa. Lakini gavana akiuliza ni watoto wangapi wa Kama waliofikia umri wa shule, na wangapi kati yao wamechanjwa, atajibiwa kwa ramani tatu zisizolingana.

Hapo ndipo usanifu wa mifumo ya serikali unapohitajika. Tangu Mmarekani John Zachman alipochapisha makala yake mwaka 1987 katika jarida la kampuni ya IBM, taaluma hii imejaa michoro inayotisha, ila kiini chake ni maswali manne yanayofuatana: ofisi inafanya kazi gani, kazi hiyo inataka taarifa gani, taarifa zikae katika programu ipi, na programu iendeshwe kwa mitambo gani. Serikali nyingi huanzia mkiani. Kompyuta zinafika kwanza, na sherehe ya kuzipokea inafanyika, kabla mtu hajauliza zimekuja kufanya nini.

Mfuate mtoto mmoja. Anazaliwa katika kituo cha afya, mkunga anaandika jina la mama kwenye daftari la uzazi. Mwisho wa mwezi fomu inapanda kwenye ofisi ya kanda na kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, lakini kinachopanda ni hesabu: kuzaliwa, kumi na kitu. Jina linabaki kwenye daftari. Sheria inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto kwa ofisa wa hali ya kiraia, ambaye ana daftari lake. Miaka sita baadaye mwalimu mkuu anamwandika upya, akiuliza mzazi tahajia. Wakongo wengi wana majina matatu, na kila karani huyapanga apendavyo: Asumani wa kituo cha afya anakuwa Assumani shuleni na Assoumani kwenye kadi ya mpiga kura. Kadi hiyo ndiyo imekuwa kitambulisho cha watu wazima kwa miaka mingi, katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ni ya 1984. Hakuna programu duniani itakayojua kwa hakika kwamba hawa watatu ni mtu mmoja.

Wapo wanaosema dawa ni intaneti, hasa sasa ambapo mtandao wa setilaiti unafika hata msituni. Intaneti ni muhimu, sibishi. Ila ikifika leo, itasafirisha Asumani watatu kwa kasi zaidi.

Tanzania inaonyesha njia. Zamani kila taasisi ilikusanya malipo yake kwa utaratibu wake na akaunti zake. Kuanzia 2017 GePG, mfumo wa kukusanya malipo ya serikali, ukaleta namba moja ya malipo inayotambulika benki zote na kwenye simu, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Kilichoanza ni makubaliano juu ya namba moja.

Maniema haina uwezo wa Dodoma, na programu kubwa za afya na za mishahara ya walimu zinaamuliwa Kinshasa. Kwa hiyo ningeanza na kidogo ambacho Kindu inaweza kukishika yenyewe: orodha moja ya mahali. Kila kijiji, shule na kituo cha afya kipewe msimbo mmoja, na kando yake iandikwe teritwari, kanda ya afya na jimbo la elimu. Karatasi inatosha kuanzia. Ofisi moja iimiliki, nyingine ziisome, na mradi wowote wa wafadhili unaokuja na tableti zake ukikataa kuitumia, ukataliwe nao. Hili la mwisho ndilo gumu, maana anayekataa tableti za bure hapendwi na mtu.

Kazi ya kila siku itakuwa kuitunza. Maeneo ya Pangi yana machimbo ya dhahabu. Makazi huibuka palipogunduliwa mshipa na kuhama ukiisha. Kijiji kikihama, msimbo wake ufungwe na tarehe iandikwe, usipewe kijiji kingine kamwe, la sivyo watoto waliochanjwa pale 2024 watahesabiwa kuwa wa mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Jukumu la kupeleka taarifa hizo Kindu kila robo mwaka ningempa katibu wa sekta, yaani mgawanyo wa utawala ulio chini ya teritwari, kwa kuwa habari za kijiji kuhama humfikia yeye kabla ya wizara yoyote.