Ladha ya Ukwaju katika Jini

Mkazi wa Kasoli, wilayani Bariadi, atakaye kutia ladha ya ukwaju katika jini ya kiwandani hahitaji mtambo wowote. Huondoa maganda na kokwa, hutia nyama ya ukwaju katika chupa safi ya mdomo mpana, kisha humimina jini hadi ukwaju ufunikwe. Baada ya siku chache huchuja.

Maji yaliyomo katika jini huyeyusha sukari na asidi za tunda; alkoholi huyeyusha mafuta yanukiayo. Matunda yenye maji mengi, kama embe, hupunguza ukali: lita 1 yenye alkoholi asilimia 40, ikiongezewa nusu lita ya maji ya tunda, hubaki na asilimia 27 hivi.

Gongo isitumiwe kamwe badala ya jini, kwani yaweza kuwa na methanoli. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, iharibuyo mishipa ya fahamu ya macho. Nchini Kenya, Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 60, na wengine wakapofuka. Sumu hiyo haitambuliki kwa kuonja. Tunda hubadili ladha; haliondoi sumu.