Kiazi Huamriwa na Jani

Ng'oa shina la kiazi mviringo ambalo bado changa, kisha ukung'ute udongo taratibu. Utaona nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka shinani. Wengi huziita mizizi, kumbe ni matawi yaliyoamua kukua gizani. Ncha zake zimejikunja kama ndoana. Moja imeanza kuvimba, imefika ukubwa wa mbaazi. Jirani yake bado nyembamba. Isipovimba, mkulima atavuna majani.

Anayetoa amri ya kuvimba hayuko huko chini. Mwaka 1981, Mikhail Chailakhyan na wenzake katika Umoja wa Kisovieti walipandikiza tumbaku inayochanua juu ya shina la kiazi. Viazi vikatunga, ingawa tumbaku yenyewe haijui kiazi ni nini. Ujumbe ulikuwa umeteremka kutoka majanini.

Mjumbe alitajwa jina mwaka 2011, na timu ya Salomé Prat wa Madrid: protini iitwayo StSP6A, ndugu wa ile inayoiamuru mimea ichanue. Hutengenezwa kwenye jani, husafiri katika mishipa ya sukari, hutua kwenye ncha ya ndoana. Lakini peke yake haifui dafu. Hushikana na protini mbili, 14-3-3 na StFDL1, ndipo jeni za kiazi zinapowashwa.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia shambani. Protini ni mkufu wa asidi amino, na mkufu wa StSP6A una punje zipatazo 170. Ukijikunja vibaya, haushikani na wenzake. Zamani umbo lilisakwa kwa fuwele na eksirei, kazi iliyoweza kula miaka. Leo mtafiti huingiza mpangilio wa punje hizo kwenye programu kama AlphaFold, iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobeli ya Kemia ya 2024, akaletewa umbo linalokadiriwa. Kisha hubadilisha punje moja moja na kutazama mshiko ukikaza au ukilegea.

Punje moja si jambo dogo. Mwaka 2005 ilionekana kwenye mmea wa maabara, Arabidopsis, kuwa kubadili asidi amino moja tu kunaweza kumgeuza mhimizaji wa maua kuwa mzuiaji.

Kwa wakulima wa Njombe, Nyandarua na Musanze, habari hii si ya mbali. Viazi vyao hukimbilia milimani kufuata baridi, kwa kuwa joto likizidi, StSP6A hupungua na ndoana hubaki bila amri. Kompyuta haipandi mbegu, na kila ubashiri wake sharti upimwe kwenye mche halisi. Ila humwambia mtafiti ni punje ipi aanze nayo, kabla hajachafua mikono kwa udongo.