Likizo Ni ya Nani?



Tuchukue mfano wa baba wa Lopur aliyeandikwa kazi ya ulinzi huko Lodwar. Mwaka mzima hayupo. Mama ndiye anayechota maji, anaangalia mbuzi, anasuka vikapu vya mikoma na kulea watoto. Likizo ikifika, baba anashuka gari Kakuma na kuja nyumbani. Siku ya kwanza ni wageni. Ya pili, ndugu wanaleta shida zao. Ya tatu, mkubwa wa kazi anapiga simu: "Rudi, mwenzako ni mgonjwa." Mtoto mdogo bado anamwogopa, na tayari baba anafunga mzigo!

Sasa, likizo hii ilikuwa ya nani?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema wazi: aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo anapata likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Si zawadi ya tajiri. Mama aliyeajiriwa akijifungua anapata miezi 3, na baba wiki 2. Papa Yohane Paulo II naye, katika barua yake ya 1981 juu ya kazi, Laborem Exercens, alihesabu likizo ya mwaka kuwa haki ya mfanyakazi.

Lakini sheria haiingii ndani ya boma. Huko ni juu yetu.

Kwanza: omba likizo kwa barua, ubaki na nakala. Kabla ya kuondoka, elewana na mkubwa nani atashika zamu yako.

Pili: siku ya kufika, baba na mama wahesabu pesa pamoja: chakula, karo, akiba ya kikundi. Ndugu wasaidiwe kwa kinachobaki.

Tatu: likizo si kukaa chini ya mti na kuletewa chai. Mama naye anachoka, na hakuna tajiri wa kumpa siku 21. Baba apeleke mbuzi majini, achimbe kisima lagani, ampeleke mtoto kliniki. Hapo ndipo mtoto atamjua baba yake.

Nne: kikundi kimpunguzie zamu mama ambaye mzee wake amekuja. Atazilipa baadaye.

Katika mkutano ujao, wazee kwa akina mama, ulizaneni: likizo iliyopita, nani alipumzika nyumbani kwako?