Je, Wajua? Baleti Haina Umri
Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920, ina mpango wa baleti uitwao Silver Swans kwa ajili ya wenye miaka 55 na zaidi, hata wasiowahi kucheza. Ukitafuta darasa, uliza kama ni la wanaoanza kabisa. Mara nyingi "wanaoanza" wa madarasa mengine walicheza utotoni, na mgeni huachwa nyuma mapema. Darasa zuri huanza kwenye reli ya kushikilia, kwa kukunja magoti polepole. Viatu? Vile laini vya ngozi au kitambaa vinatosha. Mwalimu anayekuvisha viatu vya kusimamia ncha za vidole siku za mwanzo, mkimbie: vifundo vya miguu huhitaji mazoezi ya muda mrefu kwanza.