Nyumba Isiyo na Ukuta

Mtoto aliyeiba mara moja huonywa na wazee wake, wala hakuna ashangaaye. Lakini aliyeiba mara 92 apelekwe wapi? Mtoto wa namna hiyo alikuwako katika mji wa Hamburg, nchi ya Ujerumani. Polisi walikuwa wakimjua sana, naye umri wake ni miaka 12 tu.

Aliyempokea ni Bwana Johann Hinrich Wichern. Huyo alipokuwa mwalimu wa shule ya Jumapili alizoea kuzuru vichochoro vya maskini, akaona jinsi watoto walivyopotea humo. Mwaka 1833 akapewa nyumba ndogo ya shamba huko Horn, nje ya mji, iitwayo Rauhes Haus, akahamia pamoja na mama yake. Wavulana watatu wa kwanza walifika mwezi wa Novemba, na wengine wakafuata upesi.

Kupokewa kwao kulikuwa hivi. Wazazi ndio waliomtoa mtoto, wakitia sahihi katika mapatano, kwa kuwa Bwana Wichern hakutaka nyumba yake iwe gereza la pili. Kisha mtoto aliambiwa ya kwamba amesamehewa yote. Atazame, hapana ukuta, wala handaki, wala komeo, ila mnyororo mmoja tu, nao ni upendo. Tena tangu siku ile hakuna ruhusa mtu yeyote nyumbani kumtajia mambo yake ya zamani. Akitaka kuyasema, amwendee Bwana Wichern peke yake. Nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana sisi wakubwa twapenda mno kukumbusha.

Wala hayakuwa maneno matupu. Nyumba ilikuwa imezungukwa na boma refu la udongo, na kazi ya kwanza ya wavulana ilikuwa kulibomoa kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1834 wakajenga nyumba ya pili. Watoto wapata 12 walikaa kama jamaa moja, pamoja na kijana mkubwa waliyemwita ndugu, wakilima, wakiranda mbao na kushona viatu. Wako waliotoroka, mlango usio na komeo ni mwepesi kwa atokaye kama kwa aingiaye.

Bwana Frédéric-Auguste Demetz, aliyekuwa jaji mjini Paris, aliizuru nyumba hiyo, na mwaka 1839 akaanzisha ya kwake huko Mettray, Ufaransa. Aliufuata utaratibu wa jamaa, lakini wavulana wake waliletwa kwa amri ya mahakama, na vyumba vya kufungia wakosaji vilikuwamo. Mettray ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Rauhes Haus iliteketezwa kwa mabomu mwaka 1943, ikajengwa tena, nayo ingali ikitunza watoto mpaka leo.