Weka "sw" pale heda inapokosekana, usimfute aliyesema "en"

Kwa wiki nzima dodoso letu la utafiti lilimpa kila mtu maswali ya Kiswahili, hata yule ambaye simu yake iko kwa Kiingereza. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa mstari mmoja tu.

Kivinjari kinapoomba ukurasa, kinatanguliza maelezo mafupi yanayoitwa heda: mimi ni kivinjari fulani, napokea mafaili ya aina hii, lugha ninazotaka ni hizi. Hiyo ya lugha jina lake ni Accept-Language. Sasa, programu ya simu tuliyowaandikia wakusanya data ilikuwa haiitumi kabisa, na dodoso likiikosa linagoma. Mbele ya dodoso tuna Nginx, inayopokea maombi na kuyapitisha ndani. Nikaona rahisi, niongeze pale:

proxy_set_header Accept-Language sw;

Nikajaribu kwa curl, Kiswahili kikaja, nikaenda kulala. Kumbe curl yenyewe haitumi Accept-Language mpaka uiagize, kwa hiyo nilikuwa nimepima hali moja tu, ile ya heda kukosekana. Mstari ule hauulizi kama heda ipo. Unafuta alichosema mtumiaji na kuandika "sw" juu yake. Majibu ya waliotaka Kiingereza tuliyaweka kando yote, maana hatukujua nani alielewa swali na nani alibahatisha.

Wengi hapa hukimbilia if. Nginx itakataa kuwaka, kwa sababu proxy_set_header hairuhusiwi ndani ya if. Tumia map, ndani ya bloki ya http, nje ya server:

map $http_accept_language $lugha {
    default $http_accept_language;
    ""      sw;
}

Maana yake: heda ikiwa tupu au haipo, $lugha ni "sw", vinginevyo acha alichotuma mwenyewe. Kisha kwenye location:

proxy_set_header Accept-Language $lugha;

Angalia mtego mmoja. Ukiandika proxy_set_header hata moja ndani ya location, zile za ngazi ya juu hazirithiwi tena. Zirudie zote hapo, Host ikiwemo.

Wa Apache mna raha zaidi. Kuanzia toleo la 2.4.7, mod_headers ina neno la kazi hiyo hiyo: RequestHeader setifempty Accept-Language sw.

Ila usiufanye mtindo huu kwa kila heda. X-Real-IP, kwa mfano, mtu yeyote anaweza kujiandikia anwani ya uongo akaituma. Ukisema "jaza ikikosekana tu", umemwamini. Hiyo ifute kila mara, weka $remote_addr.

Ukimaliza, endesha nginx -t, pakia upya mipangilio, kisha curl mara mbili: moja kavu, nyingine na -H 'Accept-Language: en'. Ya kwanza irudi na Kiswahili, ya pili na Kiingereza. Mimi niliruka hiyo ya pili.